Filimbi Zilizoogopa Baridi

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mchana, juu ya lori lililobeba magunia ya chumvi, na jambo la kwanza nililomwona Mama akifanya ni kujifunga kitenge kiunoni badala ya mgongoni. Safari yetu ilianzia Bukavu, ikashuka bonde la Ruzizi kwa miguu hadi Uvira. Pale Uvira Baba alitupakia kwenye boti ya ziwani, akasema yeye atakuja na ya nyuma. Baada ya Kigoma kulikuwa na treni, baada ya treni mabasi, na kabla hatujafika Mbeya mdogo wangu Neema, aliyetoka Bukavu ndani ya kitenge hicho hicho chenye maua ya njano, alipata homa. Alizikwa nyuma ya kanisa moja la kando ya barabara ambalo Mama hakulitaja tena. Kutoka pale hadi Karonga, na kutoka Karonga hadi Lilongwe, kitenge kilikaa ndani ya mfuko. Alikitoa kambini kwa sababu upepo wa vilima vya Dowa haukumpa nafasi ya kuchagua.

Nimekaa miji mingi tangu hapo, na sikukaa vizuri katika hata mmoja. Juzi, huku niliko sasa, fundi bomba alikuwa akipasha moto ncha ya bomba la plastiki ili lichomekwe kwenye jingine. Moshi ule mchungu ulinikuta ng'ambo ya barabara. Kabla sijakumbuka chochote, mikono yangu ilikuwa imeshajikunja kifuani, kama ya mtu anayeficha kitu ndani ya koti. Ninyi wa rika langu mnajua jinsi mwili unavyotangulia kukumbuka.

Harufu ile kwa mara ya kwanza niliisikia nyuma ya nyumba yetu kambini. Ilitoka kwa jirani, mwanaume wa Burundi aliyeitwa Evariste. Alikuwa amefika miaka kabla yetu, anaishi peke yake, anasema kidogo, na akisema hutazama chini kama aliyedondosha sindano. Kwetu kila mwanaume mzima anaitwa papa, yaani baba: papa fulani, papa fulani, hata yule anayekupiga mawe ukichuma papai lake. Evariste peke yake ndiye niliyemkatalia neno hilo. Nilimwamkia bila jina. Sababu ilikuwa moja na sikuificha: Baba alikuwa njiani, nafasi yake ilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nailinda.

Mama zamani aliimba. Bukavu, watu wa kwaya walikuwa wakimsubiri yeye ndipo waanze. Tangu Neema, sauti ilikataa. Alifungua kinywa kanisani na hewa tu ikatoka. Siku moja Evariste alimpa kipande cha bomba, kirefu kama mkono wangu wa wakati ule, kimezibwa chini kwa kizibo cha mti. Alimwambia kama koo limechoka apulize humu, Mungu atasikia vilevile. Mama akapuliza juu ya mdomo wa bomba, na ikatoka sauti moja tu, nzito kidogo, isiyo na maneno. Akapuliza tena. Nilimtazama usoni, na nilichokiona pale kilinifanya nimshuku yule mtu kuanzia siku hiyo.

Mama alinituma kwake niende nikajifunze kazi. Nilikwenda, lakini kama askari anayekwenda kulinda mlango. Ndiyo maana hadi leo najua filimbi zile zilivyotengenezwa kuliko ninavyojua mambo mengi niliyofundishwa sekondari.

Alikuwa na karai la mchanga juu ya jiko la mkaa. Mchanga ukishika moto, alizika ndani yake bomba lililopinda, akangoja huku akiligusa mara kwa mara kwa kidole. Likilegea kama muhogo ulioiva, alilitoa haraka, akalilaza juu ya ubao na kulivingirisha mpaka likanyooka, kisha akalimwagia maji. Akichelewa kidogo lilivimba na kufanya malengelenge, na hapo ndipo moshi ule ulipotoka. Kisha alikata kwa kisu cha moto, akausugua mdomo kwenye jiwe mpaka ukawa laini, akaingiza kizibo kwa chini na kukipaka nta. Kizibo kikisukumwa juu, sauti hupanda, kikishushwa, huteremka. Kila filimbi ilikuwa na sauti moja, na kila mtu wa kwaya angeshika ya kwake, hivyo wimbo ungetembea kutoka mtu hadi mtu.

Kwaya ilikuwa ya watu wa Bukavu, na mkubwa wake alikuwa Papa Deo, mzee wa kanisa mwenye suti ya kahawia na Kifaransa kingi. Mwanawe, Patient, alipiga kinanda kilichowashwa kwa betri ya gari. Papa Deo alizikubali filimbi kwa sababu wanawake walizipenda, lakini hakumkubali mwenyewe aliyezitengeneza. Aliuliza mbele za watu kama ni kawaida kwa bomba la maji kumsifu Mungu. Watu wakacheka. Kisha akauliza swali la pili, ambalo hawakulicheka: mabomba yenyewe yanatoka wapi. Pampu ya upande wetu ilikuwa imekufa wiki zile, na mafundi walisema mabomba yake ya chini yalikuwa pungufu.

Mimi pia nilitaka kujua. Kwa hiyo Evariste aliposema anakwenda Lilongwe, nilimwomba Mama niende naye, na Mama akafurahi, akidhani tumepatana.

Tulikwenda mtaa wa Kawale. Karibu na soko kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma yake uwanja uliojaa mabomba yaliyoachwa juani bila kivuli. Jua lilikuwa limeyapinda kama mgongo wa mbwa anayejinyoosha, hakuna mjenzi aliyeyataka. Mwenye duka alimfahamu Evariste, akacheka alipomwona, akampa fungu. Nilimuuliza kwa Kichewa changu cha kuokoteza kama huyu mtu huja mara nyingi. Akasema yeye ndiye mwanaume pekee Lilongwe anayechagua yaliyoharibika. Basi, swali la Papa Deo lilijibiwa pale, nami nilipaswa kurudi nyumbani na moyo mweupe.

Lakini kabla ya kurudi, Evariste aliingia kwa fundi cherehani mmoja, Mkongomani, ambaye wapya wote wanaotoka kwetu hupita kwake kuulizia ndugu. Aliniambia nisubiri nje na mabomba. Mlango ulikuwa pazia tu, na nilimsikia akilitaja jina la Baba. Alilitaja lote, na jina la ukoo.

"Hakuna habari ya ule mwanaume?" aliuliza.

Cherehani ikasimama. "Hakuna. Njo vile nilikuambia tena. Hakuna mutu mwenye amemuona."

Halafu nikamsikia Evariste akitoa pumzi. Ilikuwa ndefu, ya taratibu, kama ile aliyoitumia kujaribu filimbi mpya. Nilisimama pale na fungu la mabomba kichwani, nikijiuliza ni pumzi ya mtu aliyesikitika au ya mtu aliyetua mzigo. Sikumwambia Mama.

Filimbi zilikamilika msimu wa joto. Zilipangwa sauti nyumbani kwa Papa Deo, chini ya mabati, saa sita mchana, watu wote wakitiririka jasho. Patient alibonyeza kinanda, Evariste akasukuma kizibo, akapuliza, akasukuma tena kidogo, mpaka sauti mbili zikawa moja. Miezi ile yote ziliimba vizuri. Watu wa makanisa mengine walikuja kusimama dirishani.

Kisha baridi ikashuka. Waliokaa Dowa wanaijua ile baridi ya Juni, ukungu unaolala hadi saa nne na vidole visivyofunga kifungo. Ibada ya kwanza ya kwaya ilikuwa asubuhi mapema. Patient akabonyeza, wanawake wakapuliza, na kitu kibaya kikatokea: filimbi zilikuwa chini ya kinanda kwa sauti. Hazikuwa chini sana, lakini kiasi cha kuumiza meno. Watoto walicheka. Papa Deo alikatisha wimbo kwa mkono.

Evariste alizichukua, akazijaribu Jumamosi mchana juani. Zilikubaliana na kinanda zote. Jumapili asubuhi zikaanguka tena. Wiki iliyofuata vilevile. Maneno yakaanza kupita kwenye foleni ya maji, nami nilikuwa pale na ndoo yangu nikiyapokea. Kinanda ni kilekile, walisema. Filimbi ni zilezile. Basi aliyebadilika ni mtu. Wengine walisema Mrundi anataka kumwaibisha mtoto wa Papa Deo. Wengine walisema ameweka dawa, na dawa imegeuka. Jambo la ajabu, ambalo mama mmoja alilisema akiwa ameteremsha sauti, ni kwamba filimbi ya Mama Julienne peke yake haianguki. Mama Julienne alikuwa mama yangu. Walinitazama, wakasogeza ndoo zao.

Papa Deo akatoa neno. Jumapili inayofuata wangekuja wageni wa kanisa la Kawale. Filimbi zikianguka mbele ya wageni, Evariste angetoka kwenye kwaya na kupelekwa kwa viongozi wa kambi, wamuulize pia habari ya pampu. Mimi nilikuwa na la kusema kuhusu pampu, na nilimwambia Mama lile la uwanja wa Kawale. Mama alisema anajua. Alisema nisiogope. Sikuwa naogopa, nilikuwa sijui ninataka iwe nini.

Jumapili hiyo niliamshwa na sauti ya kitenge kikikung'utwa. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia kwenye nyufa. Evariste alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia, na alikuwa akimpa Mama kitu kilichofungwa ndani ya taulo. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Akainama mbele, mgongo ukawa sawa kama meza, akakiweka juu, akatikisa kidogo kikae vizuri, akatandaza kitenge cha maua ya njano na kukifunga juu ya matiti. Kisha akajinyoosha taratibu na kupeleka mkono nyuma kukishika. Mtu aliyelelewa na wanawake wetu hawezi kukosea mwendo ule.

Nilijifanya nimelala. Nilijua nimeona nini: mtoto. Walikuwa wamezaa mtoto, wakamficha kwa Evariste, na sasa wanakwenda kumwonyesha kanisani mbele ya wageni. Ndiyo maana Mama hakuogopa. Nilipanga kila kitu kichwani kikakaa sawa, vile mtoto anavyoweza kupanga: unene wa Mama siku zile, yeye kwenda kwa jirani na mikate ya mihogo, pumzi ya Kawale. Na alikuwa amemweka ndani ya kitenge cha Neema.

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilitafuta miguu. Mtoto aliyebebwa huonyesha miguu pembeni, kushoto na kulia, hata akiwa mdogo namna gani. Huyu hakuwa na miguu. Nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimekasirika.

Kanisani watu walitoa mvuke midomoni. Wageni wa Kawale walikaa mbele na masweta yao mazuri. Evariste aliingia wa mwisho, koti kubwa limefungwa hadi shingoni, mikono amejikumbatia, na tumbo lake limevimba vibaya. Hakumpa mtu mkono. Papa Deo alikwenda kusimama mbele yake.

"Evariste, leo hausalimie batu?"

Evariste akasalimia kwa kichwa.

"Iko nini mu koti?"

"Ni ya wimbo, papa."

"Fungula tuone."

"Nitafungula mu wimbo. Sasa, hapana."

Mtu mmoja nyuma akasema kwamba mtu mwenye hana kitu anafungulaka tu. Mwingine akauliza labda ameficha kuku wa wageni, na kicheko kidogo kikapita, lakini hakikukaa. Wanaume wawili walikuwa wameshasimama. Nilimwona Evariste akirudi hatua nyuma, mikono ikikaza zaidi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu usoni. Alimtazama Mama.

Mama akasimama. Alitembea hadi mbele, akawageuzia watu wote mgongo wake.

"Muanze na mimi," alisema.

Aliinama vile wanawake wanavyoinama kumshusha mtoto. Akalegeza fundo, akapeleka mkono nyuma, akateremsha kile kifurushi mbele na kukipakata. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amelifungua taulo, na ndani yake zilikuwamo filimbi, zile ndogo zote, zimelala bega kwa bega.

"Zinaogopaka baridi," alisema, na ilikuwa sauti yake kabisa, si hewa. "Zikilala na baridi, sauti inashuka. Zikipata joto ya mutu, inapanda. Tulizipanga na jua la saa sita chini ya mabati, njo maana. Ile yangu mi nalalaka nayo. Patient, piga ile ya kwanza."

Patient akabonyeza. Mama akachukua moja na kupuliza, na sikuweza kusikia ipi ni ya betri na ipi ni ya mtu.

Evariste ndipo akafungua koti. Zile kubwa zilikuwa zimefungwa kwa kamba kuzunguka tumbo lake, juu ya ngozi, na zilikuwa zimemwachia mistari myekundu. Papa Deo hakuomba radhi. Alitazama filimbi, akatazama wageni, akawageukia wanakwaya. "Basi mwimbe mbio," alisema, "zisipoe."

Waliimba mbio. Tangu siku hiyo, majira yote ya baridi, kwaya nzima iliingia kanisani ikiwa imejikumbatia, kila mtu na filimbi yake ndani ya nguo, na wageni walikuwa wakiuliza kama kuna ugonjwa kambini.

Mngedhani nilitulia. Sikutulia. Mtoto niliyemwogopa hakuwapo, lakini nilikuwa nimeelewa kitu kibaya zaidi kwangu: kwamba Mama alilala usiku na kipande cha bomba pale Neema alipokuwa akilala, na kwamba aliyempa ni yule. Na mtu anayevumilia kamba tumboni kwa ajili ya wimbo anaweza kuvumilia miaka. Mama alikiona kile nilichokiwaza. Alinikalisha mlangoni akaniambia waziwazi, bila kuninong'oneza kama mtoto.

"Mi siolewe wakati we unaangaliaka barabara."

Basi niliiangalia. Niliiangalia miaka yote ya shule, hata nilipokuwa nimeshajua kwamba hakuna mtu atakayetokea, kwa sababu kuacha kuiangalia kulikuwa sawa na kumwandikia Baba cheti cha kifo kwa mkono wangu. Evariste aliendelea kukaa nyuma ya nyumba yetu. Alinyoosha mabomba yake, alituletea kuni, alingoja. Nami niliendelea kumshuku, kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kuchechemea mguu ukiwa umeshapona.

Siku niliyoondoka moja kwa moja ilikuwa Julai. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nimepata mtu wa kunipokea Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, na kutoka Chinsapo niliwaza kwenda mbele, popote palipo mbele. Mama aliniaga mlangoni. Alikuwa amejifunga kitenge cha maua ya njano mabegani, kimepauka, akasema hataki kufika barabarani kwa sababu ameiona vya kutosha. Evariste ndiye aliyenisindikiza hadi magari yanapopakia. Alitembea kando yangu amejikumbatia, koti limefungwa hadi shingoni, na nilimtazama nikawaza: anaficha nini tena huyu?

Tulipofika nilimuuliza lile la Kawale. Sikulizunguka. Nilimuuliza kama, siku zile kwa fundi cherehani, alikuwa akimtafuta Baba ili apatikane au asipatikane.

Hakushtuka. Alitazama chini, kama kawaida yake.

"Asubuhi nilitaka apatikane," alisema. "Nilitoka huku kila mara nikitaka apatikane. Kufika muchana kule, nilitaka asipatikane."

"Na sasa?"

"Sasa ni asubuhi."

Kisha akafungua kifungo kimoja cha koti, akatoa filimbi ya Mama, ile ya kwanza, rangi yake imegeuka manjano kwa miaka ya jasho, na akaniwekea mkononi. Ilikuwa ya moto kama mkate. Alisema Mama amelala nayo, akampa yeye mlangoni nilipokuwa nafunga begi, ili isipoe njiani. Alisema niiweke ndani haraka.

Niliiingiza chini ya shati. "Asante, Papa Evariste," nilisema, na ikawa ni yeye aliyegeuka kwanza.

Nilipanda nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya mahindi na mwanamke mmoja aliyekuwa anapeleka kabichi Lilongwe. Upepo ulikuwa mkali, nikajikumbatia kwa mikono miwili, koti limefungwa, bila kumpa mtu mkono. Yule mwanamke alinitazama kifuani, akanitazama usoni, akauvuta mfuko wake hadi upande wa pili. Baada ya kitambo aliniuliza kwa Kichewa nina nini humo ndani.

Sikufungua. Lilongwe ilikuwa bado mbali, na filimbi ilikuwa bado ya moto.